Bundi Begani Mwangu

Nilipokuwa mtoto wa kukatazwa kila kitu, makatazo yenyewe hayakuniudhi sana. Kilichoniudhi ni kwamba nyumbani kwetu kila katazo lilikuja na kanusho lake papo hapo. Usifagie jioni, utafukuza riziki. "Kweli, Mama?" Ah, kweli wapi, hayo mambo ya kizamani. "Basi nifagie?" Wee, weka ufagio chini! Mama alikuwa mfamasia, amesomea hapa hapa Minnesota, anavaa koti jeupe na kuwaeleza watu wazima dawa ipi isichanganywe na ipi. Lakini nikimbana kuhusu mambo ya kwao Tukuyu, jibu lake lilikuwa moja tu: "Si kweli, lakini usifanye." Leo nina nyumba yangu Apple Valley na mtoto wangu mwenyewe, na maneno hayo bado yananipandisha hasira nikiyakumbuka.

Tuliishi Burnsville, ghorofa ya pili, katika nyumba za kupanga zilizopakana nyuma na ukanda wa miti unaoteremka kuelekea mtoni. Nilipofika darasa la tano nilijiunga na skauti. Kundi letu lilikutana kila Jumanne jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa moja, na kiongozi wetu alikuwa Bwana Dale, mstaafu mrefu aliyevaa kaptura hata theluji ikianguka. Tuliokota takataka kando ya mto, tulipita nyumba kwa nyumba kukusanya vyakula vya makopo kwa ajili ya wahitaji, tulilala kwenye mahema na kuamka tukiwa na umande hadi ndani ya soksi. Nilipenda kila kitu. Shuleni nilikuwa mtoto ambaye jina lake walimu walilikwepa kulitamka. Kwenye skauti nilikuwa Atupele wa kikosi cha Bundi, basi.

Kundi liligawanywa katika vikosi vidogo, na kila kikosi kilikuwa na mnyama wake. Wengine walikuwa Mbweha, wengine Dubu, sisi Bundi. Beji yetu ilikuwa ya kitambaa, bundi wa kahawia mwenye macho makubwa ya njano, na ilivaliwa begani. Mama mwenyewe ndiye aliyeishona kwenye shati langu, mwezi wa tisa, huku anatazama runinga, wala hakusema neno. Nalisisitiza hilo kwa sababu ya yaliyokuja kutokea. Sindano ilikuwa mkononi mwake, bundi yuko mapajani pake, na hakuna aliyekufa.

Mwezi wa kumi na moja Mama alijifungua mdogo wangu Ombeni, na Bibi, mama yake Mama, akaja kutoka Tukuyu kusaidia kulea. Siku anafika, nilitoka moja kwa moja kwenye shughuli ya kukusanya makopo nikaenda uwanja wa ndege na sare zangu. Nilikuwa sijamwona Bibi tangu nikiwa mdogo kabisa. Alinikumbatia, akanipapasa kichwa, akashuka shingoni, akafika begani. Mkono ukasimama pale pale.

"Mtoto huyu mmembebesha nini?"

"Ni beji tu, Mama," Mama akajibu. "Huku bundi ni ndege kama ndege wengine. Watoto wanapewa kama alama ya akili."

"Akili ya nani?" Bibi akauliza.

Nyumbani alieleza kwa ufupi, bila kunitisha, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenzake njia ya kwenda sokoni. Bundi ni mjumbe. Akilia karibu na nyumba, kuna mtu wa nyumba hiyo anaitwa, na kwenye nyumba yenye mtoto mchanga humweki bundi hata kwa picha. Nilimgeukia Mama anisaidie. Nilikuwa na hakika msomi wangu atasimama upande wangu. Mama akasema, kwa Kiingereza ili Bibi asielewe, kwamba hayo si kweli. Kisha akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo sare yangu itakaa kwenye buti la gari.

Basi majira yote ya baridi, kila Jumanne, nilivulia sweta langu ndani ya gari lenye barafu kwenye vioo, nikavaa shati la skauti meno yakigongana, na wakati wa kurudi nikalivua tena. Wenzangu walidhani kwetu hatuna kabati. Ningekuwa naficha jambo la aibu ningeelewa, lakini nilikuwa naficha beji ambayo mama yangu aliishona kwa mkono wake.

Mwaka mpya ulipoanza Bwana Dale alitutangazia kazi kubwa ya msimu. Bundi wa kando ya mto walikuwa hawana pa kutagia, kwa sababu miti mizee yenye matundu ilikuwa imekatwa. Kila kikosi kingejenga sanduku moja la kutagia, na Jumamosi moja ya mwezi wa pili tungekwenda kuyapachika juu ya miti. Alitufundisha kukata mbao za mwerezi, kutoboa tundu la duara, kufunga skrubu bila kupasua ubao, na kumwaga maranda ndani ili mayai yasigonge kitu kigumu. Mikono yangu ilikubali kazi ile. Kikosi chetu kilipopiga kura ya nani atapanda ngazi kulipachika sanduku letu, nilichaguliwa mimi. Ningefungwa mkanda kiunoni, Bwana Dale ashike ngazi, na wengine wote wasimame chini wakinitazama. Sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote kabla ya hapo, na ile Jumamosi niliiwaza asubuhi na jioni.

Nilileta sanduku nyumbani kulisugua msasa. Bibi aliliona kabla sijalisukuma chini ya kitanda.

"Na hili?"

"Kabati la viatu, Mama," Mama akawahi kujibu kutoka jikoni.

Bibi akalitazama lile tundu la duara, akaguna, akaenda kuleta ndala zake akazitia humo. Wiki nzima ndala za Bibi zililala katika nyumba ya bundi. Siku zile nililiona jambo hilo la kuchekesha. Sikugundua jinsi Mama alivyokuwa mwepesi wa kutoa jibu lisilo la kweli, wala sikugundua kwamba juma lile alikuwa anapokea simu zake akiwa ndani ya gari, milango imefungwa. Bibi alikuwa akimuuliza kila siku, "Tusekile hajambo? Mbona hapigi?" Tusekile alikuwa mdogo wake Bibi, waliishi vyumba vinavyotazamana. Mama alikuwa akijibu, "Hajambo, Mama. Ni mtandao tu, kule mvua kubwa."

Alhamisi kabla ya Jumamosi yangu, giza linaanza kuingia, Mama anamnyonyesha Ombeni, Bibi anakaanga vitunguu, bundi akalia kwenye miti nyuma ya nyumba. Alikuwa bundi wa kweli, sauti nzito, akaita, akanyamaza, akaita tena. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Nilikimbilia dirishani. Bwana Dale alikuwa ametuambia kwamba mwezi wa pili ndipo wanapoitana kutafuta wenza, na huyu alikuwa amekuja karibu na sanduku langu kabla hata sijalipachika!

Nilipogeuka, Bibi alikuwa ameondoa sufuria jikoni. Kwao bundi akilia unatupa chumvi motoni, moto unapasuka, naye anaondoka na ujumbe wake. Moto pekee aliouona ni ile koili nyekundu ya jiko la umeme. Akamwaga chumvi kiganja kizima, na pilipili kavu juu yake, kwa uhakika zaidi. Moshi uliopanda ulitukaba koo sote. King'ora cha ndani kikaanza kupiga kelele, Ombeni akalia, na Bibi, kwa akili ya kawaida kabisa ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote, akafungua mlango ili moshi utoke. Moshi ukatoka, ukaingia kwenye korido, na king'ora cha jengo zima kikaitika.

Jengo zima lilisimama kwenye theluji. Watu walikuwa na taulo vichwani, watoto wamevaa pajama, mzee mmoja amembeba paka. Gari la zimamoto likaja na taa zake. Bibi alisimama katikati ya maegesho na khanga yake, hatazami gari wala watu, anatazama miti. Mama akamvuta mkono.

"Mama, hapa si Tukuyu! Wanaweza kututoa kwenye apartment!"

Bibi akamgeukia taratibu. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nakuuliza tena, mwanangu. Nani?"

"Hakuna, Mama! Ni ndege tu!"

Usiku ule Mama alichukua sare yangu kwenye gari, akakaa kwenye kochi lile lile alipoishonea, akaifumua ile beji kwa wembe. Uzi mmoja mmoja. Nilimwambia, kwa Kiingereza, maana hasira yangu haikujua Kiswahili siku zile, kwamba yeye mwenyewe amesema ni ndege tu, kwamba haamini, kwamba si haki. Alisema anajua.

"Then why?"

"Usinibane, Atupele. Lala."

Beji ikaingia kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya vitunguu. Begani palibaki vitundu vya sindano, duara zima. Nililala nikijiliwaza kwamba bega ni bega, ngazi haiulizi beji, na Jumamosi nitapanda.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshavaa buti. Sanduku lilikuwa mlangoni, ndala za Bibi nimezitoa. Kengele ikalia, nikafungua nikidhani ni Bwana Dale. Wakaingia kina mama watatu wa Kitanzania kutoka Apple Valley, wamejifunga khanga kiunoni juu ya suruali, wamebeba hotpoti. Nyuma yao wakaja wengine, wanaume wamevua kofia, na mchungaji wetu wa ibada ya Kiswahili. Hakuna aliyecheka. Mmoja alinishika shavu akapita.

Bibi alikuwa kwenye kochi na Ombeni mapajani. Aliwatazama wote wanavyoingia, wanavyojipanga ukutani, wanavyomkwepa macho. Mchungaji akasafisha koo. Bibi akamtangulia.

"Tusekile," akasema.

Mama akapiga magoti mbele yake, akaanza kulia. Kumbe Tusekile alikuwa amefariki siku ya Jumatatu. Wajomba walipiga simu, na Mama akaamua, kama wanavyoamua siku zote, kwamba mfiwa haambiwi akiwa peke yake, haambiwi kwa haraka, haambiwi mpaka watu wakusanyike na mchungaji awepo. Ndivyo inavyofanyika, na wanaiita huruma. Watu wengi wa mji huu walikuwa wanajua. Yule mama aliyenishika shavu alikuwa amepika wali wa msiba tangu Ijumaa.

Bibi hakupiga yowe. Aliuliza jambo moja. "Wameshamzika?"

"Juzi, Mama. Alhamisi."

Bibi akamkabidhi Ombeni kwa mtu aliyekaa kando yake, akajifunika khanga usoni.

Ndipo kengele ikalia tena, na safari hii alikuwa Bwana Dale, kaptura yake, magoti mekundu, anatabasamu. Aliona viatu vilivyojaa kwenye korido, akasikia kilio, tabasamu likafa. Mama akaniambia kutoka sakafuni, "Huendi popote." Mtu unaweza kugombana na mama yako, unaweza hata kugombana na bibi yako ukiwa na adabu mbovu, lakini msiba haugombani nao. Nilimkabidhi Bwana Dale sanduku. Alisema kwa upole kwamba angenisubiri kama angeweza. Nikafunga mlango, nikavua buti, nikaambiwa nianze na vikombe. Siku nzima nilibeba sinia la chai kati ya magoti ya watu, na kila nilipopita dirishani nilitazama miti nikawaza nani sasa hivi yuko juu ya ngazi yangu.

Sikupata kupanda. Msimu uliisha, mvulana mmoja wa kikosi chetu alilipachika, na kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka wakampongeza yeye. Sikumwambia mtu kitu. Ungeanzia wapi? Ungewaambiaje kwamba umekosa kupachika sanduku la bundi kwa sababu bundi alisema kweli?

Mwezi wa tano, siku chache kabla Bibi hajarudi Tukuyu, Mama akiwa kazini, Bibi alinifuata chumbani na viatu vya raba mguuni.

"Nipeleke nikaione ile nyumba."

"Nyumba gani, Bibi?"

"Usinifanye mtoto na wewe. Ile niliyoweka ndala."

Alijua siku zote. Tulimweka Ombeni kwenye kigari, tukashuka njia ya mtoni mchana kweupe, Bibi anatembea mikono nyuma. Sanduku lilikuwa juu ya mti mrefu, limepinda kidogo upande wa kushoto. Mimi ningelinyoosha. Tulisimama tukingoja. Kitu kikachungulia kwenye tundu, kikatoka chote na mkia wake, kikatuzomea.

"Kindi!" Bibi akasema. "Mmemjengea kindi!"

Alicheka mpaka akashika kigari. Mimi nilitaka kulia. Beji imefumuliwa, jengo zima limesimama kwenye theluji, Jumamosi yangu imepotea, na mle ndani anaishi panya wa mtini! Bibi aliponiona uso wangu aliacha kucheka, akakaa kwenye gogo.

"Atupele, mimi simpendi bundi," alisema. "Sijawahi kumpenda. Lakini siku zile watu wote waliniambia Tusekile hajambo. Mama yako, wajomba zako kwenye simu, wote. Niliamka nikala, nikacheka na theluji, na mdogo wangu kalala kwenye jeneza. Aliyenijia na kuniambia alikuwa yule mmoja tu." Akaonyesha miti kwa kidevu. "Hakunificha."

Nilimuuliza kama bado ana hasira na Mama. Alisema Mama alifanya alivyofundishwa, na kwamba aliyemfundisha ni yeye. Kisha akainuka akasema mtoto ana njaa, turudi.

Watu huniuliza kama naamini. Sijui, na nimechoka kuulizwa. Bwana Dale alisema bundi anatafuta mwenza, Bibi alisema anatafuta mtu, na inawezekana ndege yule alikuwa na shughuli zake tu na hakujua kama tupo. Hilo halinisumbui tena. Linalonisumbua ni kwamba nilikuwa mtoto mwenye maswali katika nyumba ambayo ukweli ulipangiwa siku ya kusemwa, na mpaka siku hiyo ifike kila mtu aliambiwa kitu kingine. Nilidhani nimekasirikia beji. Kumbe nilikuwa nimekasirikia Jumatatu mpaka Jumamosi.

Majira ya baridi yaliyopita mjomba alinipigia kutoka Tukuyu. Bibi ametutoka, amelala vizuri, bila kuteseka. Kisha akashusha sauti. "Usimwambie mama yako. Ngoja mumkusanyie watu, mchungaji awepo. Sisi tutazika keshokutwa."

"Msizike," nikamwambia.

"Atupele…"

"Mjomba, msizike. Shikamoo, na kwaheri."

Akaguna, lakini akasema watamngoja Mama. Niliendesha gari kwenda Burnsville nikiwa na nguo za kazini. Mama alifungua mlango, akanitazama, akatazama nyuma yangu kama nimekuja na watu. Sikuwa na mtu.

"Mbona saa hizi? Kuna nini?"

Lile neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi, nakiri, lile "hakuna" letu la nyumbani. Nikalimeza. Nikamshika mikono yote miwili nikamwambia mama yake amefariki leo asubuhi.

Alilia kwa muda mrefu, pale pale kwenye kapeti la mlangoni, nami nimekaa naye. Alipopata sauti, cha kwanza kilikuwa hasira, na hasira ile niliijua kuliko mtu yeyote.

"Ungengoja mchungaji! Mambo haya yana utaratibu wake, Atupele. Nani kakutuma uje uniambie hivi, peke yako, mlangoni?"

"Sikutumwa, Mama. Mimi ni wa kikosi cha Bundi."

Alinitazama. Sijui kama alitaka kunipiga au kunikumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, kisha akauliza, kwa sauti ya Bibi kabisa:

"Wameshamzika?"

"Bado," nikasema. "Wanakusubiri."